Umebaguliwa kazini na upo Arusha au Moshi? Mwongozo kamili toka siku ya kwanza mpaka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi

Wafanyakazi wengi huku kwetu wanaobaguliwa wanapoteza haki yao kabla hata hawajafika mbele ya mtu wa kuwasikiliza. Wanaondoka kazini mikono mitupu, wanakaa nyumbani wakisubiri bosi apoe, HR anawazungusha njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, wakija kushtuka siku za kufungua mgogoro zimeshaisha. Hii inaniuma kila nikikutana nayo, kwa sababu sheria yetu kwenye hili eneo ina meno kweli. Ukiwa na vitu vichache tu mkononi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri, yeye ndio anatakiwa aeleze kwamba hakubagua. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata siku, nini ufanye ukiwa bado una kazi na nini ufanye ukishaachishwa. Ni wa Tanzania bara, Zanzibar wana sheria yao ya kazi.

Kwanza ujue kama ulichofanyiwa sheria inakiita ubaguzi

Sheria ya kushika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, na ndani yake kifungu cha 7. Kifungu hicho kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe waziwazi au kwa kuzungukia, kwa sababu ya rangi yake, utaifa, kabila au sehemu anayotoka, asili, hali yake ya maisha, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, kuolewa au kutoolewa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, au umri. Juu yake kuna Katiba ya 1977, ibara ya 13 inakataza ubaguzi na ibara ya 23 inasema kila mtu alipwe kulingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote.

Hapa wengi wanachanganya, naomba usome polepole. Bosi kukuchukia tu, au kukufokea, au kumpenda zaidi mwenzako kwa sababu wanakunywa wote jioni, huo ni uonevu na unaweza kuwa na dawa yake nyingine, ila ili uitwe ubaguzi lazima uuunganishe na moja ya hizo sababu nilizotaja. Kwa hiyo kabla hujafanya chochote jibu swali hili kwa sentensi moja: nimefanyiwa nini, na ni kwa sababu gani kati ya zile? Mfano, "nimetolewa mapokezi nikapelekwa dobi kwa sababu nilianza kuvaa hijabu". Au "wenzangu wote wa kitengo wamepelekwa kozi ya udereva wa watalii mimi nikaachwa kwa kuwa nina mguu wenye ulemavu, wakati gari la otomatiki naliendesha vizuri tu". Ukishindwa kuandika hiyo sentensi bado hujajua kesi yako, tulia kwanza uifikirie.

Ule wa kuzungukia ndio watu hawauoni. Kampuni haitaji kabila wala dini ya mtu, inaweka tu sharti ambalo kwenye karatasi ni la wote lakini linagonga kundi moja. Chukua kampuni inayosema kila mtu afanye kazi Jumamosi hata kwenye kitengo ambacho Jumamosi hakina kazi ya maana, na pale kuna Wasabato wa Upareni watatu ambao walishaomba wawe wanaingia Jumapili wakakataliwa bila maelezo. Mwajiri anaweza akawa na sababu ya kweli ya biashara, sawa, ila sasa anatakiwa aitoe.

Alafu sheria inaposema mfanyakazi kwenye kifungu hiki inamhesabu hata anayeomba kazi. Yaani lile tangazo la "anahitajika binti mrembo asiyezidi miaka 25, asiwe na mtoto" linagusa kifungu cha 7 moja kwa moja, na wanaoliandika wengi hawajui. Na ubaguzi unaangaliwa kwenye kila hatua ya ajira: tangazo, usaili, mshahara na marupurupu, kupangiwa kazi, mafunzo, tathmini, kupandishwa cheo, kuhamishwa, kushushwa, adhabu mpaka kuachishwa. Kunyanyaswa nako kunahesabika ni aina ya ubaguzi, kwa hiyo yule anayeitwa kwa jina la kabila lake kila siku mbele ya wateja, au askari wa getini wa Kimaasai anayetaniwa mpaka utu unamtoka, ana pa kushika hata kama mshahara wake haujaguswa.

Kwenye ujauzito, ulemavu na VVU kuna ulinzi wa ziada na nautaja kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo naona madhara makubwa zaidi. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja, na unatakiwa umpe mwajiri taarifa pamoja na cheti cha daktari miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia. Ukirudi una haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi masaa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Na hili wengi hawalijui kabisa: mwajiri akikukatalia kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, sheria inalihesabu hilo kuwa amekuachisha kazi, hata kama hajaandika barua yoyote. Kuhusu VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, kwa hiyo kipimo cha lazima ili upewe kazi ya jikoni hotelini hakikubaliki. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu.

Mwajiri naye ana njia zake halali za kutofautisha watu, tuwe wakweli. Anaruhusiwa kuchagua kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, mfano kampuni ya utalii inayopokea Warusi inaweza kutaka mtu anayeongea Kirusi, na kampuni ya kupandisha watu Mlima Kilimanjaro inaweza kudai mtu mwenye afya ya kufika juu. Anaruhusiwa kuwapa nafasi makusudi watu walioachwa nyuma. Na anaruhusiwa kuajiri raia kwanza kwa mujibu wa sheria. Ukijua hizi mapema hutashangazwa nazo kwenye kikao.

"Mimi sina mkataba, ni kibarua tu"

Hili nalisikia kwa wagumu wa mlimani, yaani wapagazi, kwa wanaokata maua mashambani, kwa wadada wa kazi za ndani, kwa vijana wa kuosha magari ya safari. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya 2004, inasema mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vingine ikiwa kuna jambo hata moja kati ya kadhaa iliyoyaorodhesha, mfano kazi yako inasimamiwa na kuelekezwa na huyo mtu, au anakupa vifaa vya kazi, au unamtegemea yeye kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Sasa mgumu aliyepanda na kampuni ileile msimu mzima atashindwaje kutimiza hapo? Na kama hukupewa maelezo ya ajira kwa maandishi, kosa ni la mwajiri, maana kuyatoa ni wajibu wake, na ukitokea ubishi wa masharti ya kazi yeye ndio anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Wanajeshi, polisi, magereza na JKT hawapo chini ya sehemu kubwa ya sheria hii lakini kifungu cha 7 kinawahusu pia. Watumishi wa umma wao wanatakiwa kwanza kumaliza njia za ndani ya utumishi wa umma, kwa mamlaka ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kukimbilia kwingine, kwa hiyo mwalimu au nesi wa serikali asifuate hatua za CMA hapo chini bila kuongea kwanza na chama chake.

Hatua ya 1: anza kuandika leoleo, ukiwa bado ndani

Nunua daftari dogo, lisikae kazini, likae nyumbani. Kila tukio andika tarehe, saa, mahali, nani kasema nini kwa maneno yake yaleyale, nani alikuwepo. Usiandike hisia nyingi, andika kilichotokea. Naomba nikuonyeshe tofauti, maana hapa ndipo kesi inajengwa au inabomoka.

Kuna dada alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye lodge moja njia ya Usa River, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, tayari ulishahuishwa mara kadhaa bila shida. Akapata ujauzito. Mara ya kwanza tulipokaa naye daftari lake lilikuwa na mistari kama "supavaiza ananinyanyasa sana siku hizi". Huo mstari haumsaidii mtu, msuluhishi atauliza amekunyanyasaje, lini, kwa nini. Tukakaa, akakumbuka, akaandika upya: "Jumanne asubuhi kwenye kikao cha kugawana vyumba, supavaiza amesema mbele ya wahudumu wote msimu unaanza tunataka watu wepesi, akaniangalia mimi tumbo. Siku hiyo nimepewa vyumba vya ghorofani peke yangu, siku zote vya ghorofani tunaenda wawili wawili." Hapo kila kitu kipo, maneno, mashahidi, na tofauti kati yake na wenzake.

Alafu akapiga picha ratiba ya kazi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa dobi, wiki hadi wiki. Zile picha za ratiba zikaja kuwa na nguvu kuliko maelezo yote, kwa sababu zilionyesha wazi toka wiki aliyopeleka cheti cha daktari zamu zake zimebadilika, wengine hazijabadilika.

Vitu vya kukusanya ni mkataba au barua ya ajira, slipu za mshahara, meseji, ratiba, fomu za tathmini za nyuma hasa zile zilizokusifia, barua za onyo, tangazo la kazi. Meseji za WhatsApp na za kawaida zinakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu, ila usizifute kwenye simu ukabaki na skrinshoti tu, na skrinshoti ionyeshe namba na tarehe. Ukibadilisha simu ile ya zamani itunze. Ila usiibe mafaili ya ofisi wala taarifa za wateja, utampa mwajiri sababu ya kukuadhibu ambayo hakuwa nayo. Chukua vinavyokuhusu wewe na ambavyo vilifika mkononi kwako kihalali.

Hatua ya 2: tafuta mtu wa kujilinganisha naye

Hii hatua watu wanairuka na ni ya msingi kuliko zote. Ubaguzi unaonekana pale ambapo wewe na mwenzako mko sawa kwa kila kitu isipokuwa ile sababu moja, alafu mmetendewa tofauti. Jiulize nani anafanya kazi kama yangu, ana uzoefu kama wangu, na yeye kafanyiwa nini? Kwa yule dada jibu lilikuwa rahisi, wahudumu wote walioanza naye walihuishiwa mikataba ile wiki ya mwisho, yeye peke yake aliambiwa wako umeisha.

Kwenye mshahara inakuwa hivyohivyo. Sheria inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na thamani sawa sio lazima iwe kazi ileile. Mpishi wa kike na mpishi wa kiume jiko moja ni rahisi, lakini hata mhasibu msaidizi mwanamke na afisa stoo mwanaume wa ngazi moja unaweza ukawalinganisha kwa majukumu, elimu na saa zao.

Kama hakuna mtu wa kujilinganisha naye usikate tamaa, maneno aliyosema bosi mwenyewe au mfuatano wa matukio unaweza kutosha. Umetoa taarifa ya ujauzito tarehe 3, tarehe 10 umepewa onyo la kwanza maishani mwako, tarehe 20 umeachishwa, huo mfuatano nao unahitaji jibu.

Hatua ya 3: lalamika kwa maandishi, ndani

Andika barua fupi kwa HR au kwa meneja, ukurasa mmoja. Usitukane wala usitishie. Kitu kama hiki: "Naandika kulalamikia kutopangiwa mafunzo ya mwaka huu. Wenzangu wote wa kitengo wamepangiwa isipokuwa mimi. Nilipouliza tarehe fulani niliambiwa na mkuu wa kitengo kuwa umri wangu umeenda. Naona huu ni ubaguzi kwa misingi ya umri kinyume na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Naomba nipangiwe mafunzo na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba."

Toa kopi mbili, moja waache, nyingine wakusainie na kugonga muhuri wa kupokea. Wakikataa kusaini itume kwa barua pepe au kwa rejesta ya posta utunze risiti. Ukishapeleka hiyo barua kitu kikubwa kimetokea, kuanzia hapo mwajiri hawezi kusema hakujua, na akikuachisha kwa sababu umedai haki yako hiyo nayo sio sababu halali ya kuachisha mtu kazi.

Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi nenda nalo mapema. Mahotelini, hifadhini na kwa wafanyakazi wa majumbani ni CHODAWU, mashambani TPAWU, viwandani na biashara TUICO. Kiongozi wa tawi mzuri anaweza kumaliza jambo kwenye kikao kimoja, na hata msipolimaliza ana haki ya kukuwakilisha mbele.

Ukiombwa ngono ili upewe kazi, mkataba au zamu nzuri, hilo limevuka ubaguzi, ni kosa la jinai. Rushwa ya ngono inaripotiwa TAKUKURU, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Unaweza kwenda huko na wakati huohuo ukaendelea na madai yako ya kazi, na nakuomba usimfuate mtu huyo peke yako eti ukamrekodi, waachie TAKUKURU wakuelekeze.

Hatua ya 4: usisaini kwa haraka

Siku ya kuachishwa mara nyingi unaitwa ghafla, jioni, kuna karatasi mezani na bahasha. Soma kichwa cha karatasi. Kama imeandikwa "barua ya kuacha kazi kwa hiari" na wewe hujaacha kwa hiari, usisaini. Kama ni makubaliano yenye maneno ya kwamba huna madai mengine yoyote, omba kwenda nayo nyumbani usome. Kama wanakulazimisha usaini kupokea tu, andika kwa mkono wako juu ya saini "nimepokea, sikubaliani", weka tarehe. Pesa ya siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi ni haki zako hata kama kuna mgogoro, kuzipokea peke yake sio kukubali kuachishwa, ilimradi hukusaini hilo neno la kutokuwa na madai.

Na usiache kazi mwenyewe kwa hasira. Najua kuna sehemu hazikaliki, na sheria inatambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, lakini hapo mzigo wako wa kuthibitisha unakuwa mzito. Ukiona huwezi tena, lalamika kwanza kwa maandishi, subiri jibu, na kwenye barua ya kuondoka taja sababu yenyewe, usiandike "sababu za kifamilia" ili muachane kwa amani.

Hatua ya 5: hesabu siku

Hapa hakuna utani. Kama umeachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, kuanzia siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Mgogoro mwingine wowote, ikiwemo ubaguzi ukiwa bado upo kazini, una siku 60 toka ulipotokea. Wikiendi na sikukuu zinahesabika, kwa hiyo aliyeachishwa kabla ya Krismasi akasema nikitoka Rombo kula sikukuu ndio nashughulikia, ameshapoteza karibu nusu ya siku zake.

Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, inaambatana na kiapo, na unatakiwa ueleze kila siku ya kuchelewa ilienda wapi. Ugonjwa wenye vyeti unaeleweka. "Nilikuwa naongea na bosi tukubaliane" haipokelewi kirahisi, ongea nae ndio lakini fomu iwe imeshaingia.

Waliofanya kazi chini ya miezi 6 hawawezi kudai kuachishwa isivyo halali, hilo ni kweli, na HR wanalijua sana ndio maana wanapenda kuwaachisha mwezi wa tano wa probesheni. Lakini ulinzi wa kifungu cha 7 hauna hiyo miezi 6. Binti aliyeachishwa mwezi wa tatu kwa sababu ya ujauzito afungue mgogoro wa ubaguzi, asiuandike kama wa kuachishwa. Na wa mikataba ya msimu, kama ulikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishiwa, mfano umehuishiwa miaka yote na umeshapangiwa ratiba ya msimu unaokuja, kunyimwa mkataba mpya kunahesabika ni kuachishwa.

Hatua ya 6: fomu ya CMA

Unafungua kwenye mkoa ambao tatizo limetokea. Kampuni makao yake yakiwa Dar na wewe umefanyia kazi Arusha, unafungua Arusha. Waliofanyia kazi Moshi, Hai, Rombo au Same wanafungua ofisi ya CMA ya Kilimanjaro, pale Moshi. Hakuna ada ya kufungua, mtu akikuomba hela ya fomu kataa. Na Kiswahili ni lugha halali kabisa pale, usiogope eti hujui kiingereza cha kisheria.

Fomu ni CMA F.1. Jina la mwajiri ndio la kuangalia kuliko yote, andika jina lililopo kwenye mkataba au slipu ya mshahara na sio jina la kibao cha barabarani, maana lodge inaitwa hivi na kampuni inayomiliki inaitwa vile, na ukikosea jina utapata tuzo (ndio uamuzi wa CMA) ambayo huwezi kuidai kwa mtu yeyote. Kuna sehemu ya aina ya mgogoro, kuna tarehe ulipotokea, kuna muhtasari, kuna unachotaka. Sehemu B inajazwa na walioachishwa kazi tu, kama bado upo kazini au unadai ubaguzi peke yake iache tupu, kuna mashauri yamekwama miaka kwa sababu mtu alijaza kila kiboksi akidhani ndio kujihami.

Kwenye unachotaka kuwa wazi: kurudishwa kazini, au fidia, au kurekebishiwa mshahara, na kiasi. Sheria ya 2004 ilipotungwa iliweka fidia ya kuachishwa isivyo halali isiyopungua mishahara ya miezi 12, ila sheria za kazi zimefanyiwa marekebisho mwaka 2025, kwa hiyo siku unachukua fomu muulize afisa kiwango cha sasa kwa kesi inayohusu ubaguzi ndio ujaze.

Saini mwenyewe, mpelekee mwajiri kopi, asaini kwenye dispachi au nakala yako, ndio upeleke CMA pamoja na huo uthibitisho. Mwajiri akikataa kupokea tuma kwa rejesta.

Ukihitaji mtu wa kukusaidia bure, Arusha kuna ofisi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Moshi kuna KWIECO ambao wamezoea sana kesi za wanawake, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo mpaka ngazi ya kata. Mbele ya CMA unaweza kuwakilishwa na wakili, kiongozi wa chama chako, au mtu unayemuamini mwenyewe.

Hatua ya 7: usuluhishi, alafu uamuzi

Kwanza ni usuluhishi, una siku 30. Mnakaa chumba kimoja na msuluhishi, yanayosemwa humo ni siri na hayatumiki kukuhukumu baadae, kwa hiyo unaweza kuongea kwa uhuru kuhusu kiasi. Usikose hata siku moja, ukikosa wewe shauri linaweza kufutwa, akikosa mwajiri msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Njoo na hesabu yako imeandikwa, ujue kiwango ambacho chini yake hukubali, na mkikubaliana hakikisha karatasi ina tarehe ya malipo na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Yule dada wa lodge lilimalizikia hapohapo, msuluhishi aliweka picha za ratiba mezani akamuuliza meneja swali moja tu, kwa nini huyu peke yake, meneja akaomba watoke nje wakaongee na mwanasheria wake, waliporudi wakakubali kumpa mkataba na likizo yake ya uzazi.

Msiposuluhishwa mnaenda kwenye uamuzi, hii sasa ni kama mahakama, mashahidi wanaapa na vielelezo vinapokelewa. Kwenye kuachishwa mwajiri ndio anatakiwa athibitishe alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kwenye ubaguzi wewe unaweka kwanza yale mambo yako, sababu, tendo, na wa kulinganisha naye, yakitosha kuonyesha kwamba kuna kitu basi mzigo unahama kwake. Wenzako wanaogopa kuja kutoa ushahidi kwa kuhofia kazi zao? Usiwabembeleze mpaka mkagombana, mwombe mwamuzi atoe wito, akija kwa wito hakuna atakayesema kajipeleka.

Tuzo inatakiwa itoke ndani ya siku 30 baada ya shauri kumalizika. Usiporidhika una wiki 6 toka ulipopewa tuzo kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, masjala zipo Arusha na Moshi, na hapo sasa tafuta wakili. Mwajiri naye ana hizo wiki 6, kwa hiyo usikope kwa kutegemea fidia.

Hizo wiki 6 zikipita na mwajiri hajalipa wala hajapeleka maombi, tuzo inasajiliwa Mahakama Kuu na inakazwa kama hukumu nyingine yoyote, mali za kampuni zinaweza kukamatwa mpaka magari. Kwa hiyo kabla hujaenda kuomba ukazaji andika unachokijua: akaunti waliyokuwa wanakulipia mshahara ni ya benki gani, magari yana namba gani, ofisi ni yao au wamepanga.